Samaki Aliyefunga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Ayubu 12:7-10, pale Ayubu anapowaambia rafiki zake wawaulize wanyama na ndege, nao watawafundisha. Na samaki wa baharini watawasimulia.

Juma lililopita nilikuwa Matema, kule Kyela, siku ya tatu ya mfungo wangu. Nilikuwa na ombi moja tu, la kazi yangu, na nilikuwa nimelirudia mpaka maneno yakanikauka mdomoni. Alfajiri nikatoka kutembea ufukweni, kutoka upande ambako Milima ya Livingstone inazama katika Ziwa Nyasa, kuelekea mdomo wa mto Lufilyo.

Masika yalikuwa bado hayajaisha. Mawimbi yalikuwa yameukata mchanga kama kwa jembe, mizizi ya miti ikining'inia wazi. Pale maji yalipokuwa yamefika usiku palibaki mstari mweusi wa takataka: matete, magogo, maganda ya kakao kutoka mashambani, chupa za plastiki. Karibu na mto maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, halafu ghafla yakawa ya buluu. Mnandi alikuwa juu ya jiwe amekunjua mbawa zake azianike. Mbali ziwani lilipanda wingu kama moshi wa nyasi zinazoungua, kumbe ni vijidudu, mamilioni, vinatoka majini kwa pamoja. Nilisimama nikasahau ombi langu kwa muda, na sijutii.

Mbele kidogo nikamkuta mzee akinasua samaki kwenye wavu wake, mtumbwi ukiwa umeegeshwa kwenye maji ya magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone huyu."

Alikuwa ameshika perege jike, hai bado, kidevu kimevimba. Akamwinamisha ndani ya maji, akamfungua mdomo taratibu kwa kidole, na vitoto vikachungulia, vidogo kama punje za mchele, macho tu na mkia. Akaufunga upesi.

"Huyu amefunga," akasema. "Hali kitu mpaka watoto wajitegemee." Akamwachia.

Wapendwa, neno hilo lilinichoma. Samaki wengi wa Ziwa Nyasa hulea hivyo: mama huyabeba mayai mdomoni, hata wiki tatu hivi, na siku hizo hali, au hula kidogo sana. Anakonda ili wengine waishi. Mimi nilikuwa nimefunga siku tatu na katika maombi yangu yote hakukuwa na mtu mwingine ndani yake. Nilipofika nyumbani nikafungua Isaya 58, sura niliyoihubiri mara nyingi, ambapo Bwana anasema mfungo anaoutaka ni kumgawia mwenye njaa mkate wako. Nikaona aibu ya kweli.

Lakini sijamaliza habari ya ufukwe. Mbele ya yule mzee watoto wanne walikuwa wakiburuta chandarua kwenye maji ya kina kifupi. Ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 700, ila chini ya kama mita 250 hakuna oksijeni, samaki hawawezi kuishi. Kwa hiyo uhai umesongamana juu na pembezoni, na vitoto vya perege hukulia papo hapo magotini. Chandarua hakibakizi kitu. Sheria inakataza, na ufukweni kila mtu anajua. Nilipochungulia ndoo yao niliona vile vile vitoto, vimeanza kukauka. Nimewahi kununua fungu la namna hiyo sokoni nikidhani ni usipa, wale dagaa wa ziwani, bila kuuliza.

Sikuwakemea. Mkubwa wao aliniambia nyumbani hakuna mboga, na wadogo zake hawajala tangu jana mchana. Mwenye njaa wa Isaya alikuwa amesimama mbele yangu na ndoo.

Ijumaa hii nafunga tena. Ombi la kazi nimeliweka pembeni. Nawaombea wale wanne kwa majina, maana niliwauliza, pamoja na vile vilivyomo mdomoni mwa yule mama. Chakula nisichokula siku hiyo nimeshamwambia yule mzee kitafika nyumbani kwa watoto hao Jumamosi asubuhi: unga, maharage na mafuta. Anayetaka kuungana nami aniambie kabla ya Alhamisi jioni, kwa sababu gari la kwenda Matema huondoka mapema.