Baba, maji yananing'ata

Mwezi wa saba Arusha hauna huruma na mtu, na sisi tunaokaa huku Moshono ndo usiseme, saa kumi na mbili asubuhi ukitoka nje ukiongea moshi unatoka mdomoni kama unavuta sigara. Shawa ya umeme ndo inayomfanya binti yangu wa darasa la pili akubali kuoga na kwenda shule. Sasa siku hiyo niko jikoni nabandika chai nikasikia anapiga kelele bafuni, "Baba, maji yananing'ata!"

Nikadhani utani wake wa kila siku wa kukwepa kuoga, nikamjibu jikaze mama. Akatoka na mapovu kichwani, anatetemeka, anasema hapana baba, yananing'ata kwenye vidole. Nikaingia mwenyewe nikaweka mkono kwenye maji, kimya. Nilikuwa nimevaa ndala. Nikavua ndala, nikasimama kwenye sakafu yenye maji kama alivyokuwa amesimama yeye, nikagusa koki, na hapo ndo nikaelewa neno lake. Haikuwa shoti ya kukurusha ukutani, ilikuwa kama siafu wanatembea ndani ya ngozi kuanzia kidoleni mpaka kwenye kiwiko. Nikakimbia nikazima mein switchi, nyumba nzima giza, nikakaa kwenye stuli ya jikoni nasikiliza moyo wangu.

Na nilijua ni mimi.

Wiki mbili nyuma ile shawa ilikuwa imeanza kutoa maji ya baridi. Kinachokufa sana kwenye hizi shawa ni elementi, ile waya iliyojikunja kama sprinji inayopasha maji. Fundi mmoja wa mtaani akaniambia elementi ninunue mwenyewe, ufundi wake 30,000. Nikaona huyu ananichukulia poa, elfu thelathini kwa kazi ya dakika ishirini? Nikaingia YouTube. Shawa nyingi za aina hii zinatoka Brazil, kwa hiyo video niliyoipata jamaa alikuwa anaongea Kireno, sikuelewa hata neno moja ila mikono yake niliiona vizuri, anafungua, anachomoa, anachomeka, anafunga, imeisha. Nikasema kumbe!

Nikazima umeme (hilo angalau nilikuwa na akili nalo), nikaishusha shawa yote ili nifanyie kazi mezani. Elementi ikaingia bila shida. Tatizo likaja kwenye kurudisha nyaya. Jamaa wa kwenye video alikuwa na nyaya mbili, mimi kwenye ukuta wangu zimetoka tatu. Ile ya tatu ya kijani yenye mstari wa njano. Nikaiangalia weee, nikarudisha video nyuma nikaangalia tena, mbili. Basi nikajiambia hii itakuwa ya ziada. Nikachukua tepu nyeusi nikaiviringisha ile waya kichwani, raundi moja, mbili, tatu, ya nne nikaweka ya kuhakikisha, nikaisukuma nyuma ya shawa isionekane. Mpaka leo kinachonitia aibu ni ile raundi ya nne, jinsi nilivyoifanya kwa umakini na ulimi nimeutoa nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Maji yakatoka moto. Nikamwita mama watoto aje ashuhudie. Wiki nzima natembea kifua mbele, ofisini nawaambia watu hawa mafundi wanatuibia bana, kazi zenyewe rahisi tu.

Kwa wasiojua kama mimi nilivyokuwa sijui, kwenye shawa nyingi za hivi ile elementi imekaa uchi ndani ya maji, na maji ya bomba yanapitisha umeme, kwa hiyo kuna umeme kidogo lazima uvuje. Ile waya ya kijani na njano ndo ethi, kazi yake kuuchukua huo umeme unaovuja na kuupeleka ardhini. Ukiitoa, umeme hauachi kuvuja, unatafuta njia nyingine ya kwenda ardhini, na njia iliyopo bafuni kwangu saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa ni mtoto wa miaka minane aliyesimama peku kwenye maji.

Mwenzangu wa kazini akanipa namba ya kijana mmoja aliyesoma chuo cha ufundi, Arusha Tech. Akaja jioni ile ile, kabegi mgongoni na mita yake, sio testa ya bisibisi tu. Akashusha shawa, akavuta ile waya, akaanza kuvua tepu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akageuka akaniangalia.

"Kaka, fundi gani huyu anafunga tepu kwenye ethi?"

Nikanyamaza. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni, naye akanyamaza, ila kunyamaza kwake mnakujua.

Story ingekuwa imeishia hapo ningeandika mistari mitatu tu, jamani waiteni mafundi, kwaherini. Ila yule kijana akaomba aone na boksi la breka. Akafungua kifuniko, akamulika na tochi ya simu, akaguna. Akaniuliza shawa ni ya ngapi, nikasoma pembeni imeandikwa 5,500 wati. Akasema gawanya kwa 230, ambayo ndo volti za Tanesco, unapata kama ampia 24 hivi. Sasa waya inayokuja bafuni kwako unene wake ni wa milimita za mraba 2.5, imeunganishwa na laini ya soketi za chumbani, wakati shawa kama hii inatakiwa waya nene zaidi, yeye angeweka ya 6, na iwe laini yake peke yake kutoka kwenye boksi. Akanionyesha na breka. Laini ya soketi alitegemea kukuta breka ya ampia 20, amekuta ya 32.

Nikakumbuka. Nyumba ilipofungwa waya miaka mitano iliyopita, sio na mimi, na fundi kabisa, niliyemlipa hela yake yote na soda juu, ile shawa ilikuwa inakata umeme kila mtu akioga dakika tano. Nikampigia simu akaja, akabadilisha kitu kwenye boksi dakika mbili, akasema bosi imepona. Na kweli haikukata tena. Kumbe alichofanya ni kuweka breka kubwa zaidi ya uwezo wa waya. Breka ipo kuilinda waya isiungue ndani ya ukuta, sasa ni kama mbwa anabweka usiku halafu wewe badala ya kutoka kuangalia kuna nini unamfunga mdomo ulale. Kijana akachomoa kipande cha ile waya kwenye boksi akanipa mkononi, plastiki yake ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia na imekakamaa kama ganda la muhogo mkavu. Hicho kipande ninacho mpaka leo, kipo kwenye droo ya meza.

Kwa hiyo hesabu ikawa hivi, mimi nisiye fundi nilikaribia kumuua mtoto kwa wiki mbili, na fundi wa kulipwa alikuwa anatuchoma taratibu kwa miaka mitano. Sasa hapo unamwambiaje mtu aite fundi?

Nimeliwaza sana hili. Video tunazoangalia nyingi ni za Wazungu na kule mtu anafanya kazi mwenyewe kwa sababu kumwita fundi ni ghali kufa. Huku kwetu mambo ni kinyume, mkono wa fundi ndo kitu rahisi, vifaa ndo ghali. Mwaka jana nilitaka kutoboa ukuta niweke fimbo za mapazia, madirisha manne. Nikaulizia drili ya maana mjini, laki na nusu, bado biti za zege, bado fisha, zile plastiki za kushikia skrubu ukutani. Fundi akaja na drili yake, madirisha yote manne 20,000, akanywa chai akaondoka. Zile bomba nyeupe za maji, za plastiki ya PPR, ndo kabisa, zinaunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine, ukinunua mashine kwa ajili ya kiungo kimoja umechekesha. Kwa hiyo mtu wa Arusha akikwambia anafanya mwenyewe ili aokoe hela mwangalie mara mbili. Mara nyingi, kama mimi, anaokoa heshima yake.

Kinachotugharimu kwa fundi ni kumsimamia. Ni kuomba ruhusa kazini ukae nyumbani, halafu saa nne anakwambia "bosi niko njiani" na nyuma yake unasikia majogoo na mtu anachota maji. Ni simenti mifuko mitatu inayofanya kazi ya miwili. Ni kumpa advansi Ijumaa na kumuona tena Jumatano. Na zaidi ya yote, ni kwamba usipoijua kazi huwezi kumsimamia, utakaa kwenye kiti unaangalia mtu anaweka breka ya 32 na unamshukuru.

Kwa hiyo siku hizi YouTube naangalia kuliko zamani, ila naangalia ili nijue pa kuuliza. Fundi umeme akija namuuliza ethi iko wapi, waya ya ngapi, breka ya ngapi na kwa nini. Wengine wanakasirika, mmoja aliniambia kama unajua si ufanye mwenyewe, nikamwambia asante kaka, nikampa nauli yake. Yule kijana ukimuuliza anachuchumaa anakuchorea kwenye vumbi. Vifaa nanunua mwenyewe kwa karatasi aliyoandika yeye, na hela ya mwisho inatoka baada ya mimi kuiona kazi kabla haijafunikwa. Kitu kikishapigwa plasta unaambiwa chochote.

Rangi naifanya mwenyewe, na hapo sitaki kusikia la mtu. Sio kwamba nilianza vizuri. Mara ya kwanza nilipaka sebule mwezi wa tano, masika bado inanyesha, ukuta mmoja nilikuwa nimetoka kuupiga plasta upya hata wiki mbili hazijaisha. Plasta mpya inataka kama wiki nne ikauke, na kwa mvua zile hata zaidi. Mimi nikapaka. Mwezi wa sita ukuta ukaanza kutoa malengelenge kama mtu aliyeungua uji, ukibonyeza linapasuka na maji ndani. Mama watoto akasogeza kabati.

Ila angalia hasara yake, ndoo moja ya rangi na Jumamosi mbili. Hakuna aliyeng'atwa. Nikasubiri ukavu wa mwezi wa tisa, nikabandua yote, nikapiga msasa mpaka nikawa mweupe kama mzimu, wolputi, msasa tena, praima, halafu mikono miwili ya rangi. Na siri niliyoigundua kwenye kufanya mwenyewe ni kwamba ndoo ya lita 20 inapaka eneo dogo kuliko nilivyokuwa nadhani, manake miaka yote mafundi walikuwa wanaongeza maji mpaka inakuwa kama uji wa mgonjwa, ndo maana ukuta ulikuwa unajichafua kwa kuegemewa tu. Kile kinachobaki kwenye ndoo sijui kilikuwa kinaenda wapi, ila kuna nyumba ya jirani ya fundi mmoja ina rangi ninayoifahamu kabisa.

Kubadilisha koki inayovuja, naweza, nafunga maji kwenye tanki kwanza, natia uzi wa kutosha kwenye meno ya koki, nakaza. Boya la tanki, naweza. Kitasa, nimeweza kimoja na kingine nimejifungia nje. Kupanda juu ya bati hapana, mimi na urefu tuliachana zamani.

Yule kijana alivuta waya mpya kutoka kwenye boksi mpaka bafuni, ya 6, laini ya peke yake na breka yake, akarudisha laini ya soketi kwenye 20, na akaongeza kile kifaa kinachokata umeme ukivuja hata miliampia 30. Akafunga ethi mahali pake mbele ya macho yangu, akanipa mita nishike mwenyewe nisome. Vifaa na ufundi wake vilizidi laki mbili na nusu. Zile 30,000 zangu nilizookoa nilikuwa nazifikiria wakati natuma hela kwa M-Pesa.

Binti yangu aligoma kuingia bafuni. Karibu wiki tatu tulikuwa tunamchemshia maji kwenye gesi anaogea kwenye beseni chumbani, baridi ile ile, na mimi ndo nabeba beseni. Sikumlazimisha, ningeanzia wapi? Halafu Jumapili moja tunajiandaa kwenda kanisani akaja na taulo lake begani akasimama mlangoni pa bafu, akainua kichwa akaiangalia shawa kwa muda mrefu.

"Baba, hii umetengeneza wewe au fundi?"

Nikamwambia fundi. Akaingia.