Doa la baba

Baba alipopata kiharusi, picha ya kwanza ya kichwa chake ilitoka safi, nikampigia mama simu Tukuyu nikamwambia amshukuru Mungu. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa umelala tu, mdomo umepinda, lakini mimi nilishikilia picha: haina kitu!

Daktari, binti mdogo kuliko mimi, akanivuta pembeni. "Kaka, CT skani ya saa za mwanzo tunaitafutia damu. Damu haijavuja, kwa hiyo hapa ni mshipa umeziba. Sehemu iliyokosa damu mara nyingi huchelewa kuonekana."

Siku ya tatu wakarudia. Doa likawepo, kushoto, dogo kama punje ya haragwe. Nikapumua tena, haragwe ni nini? Mzee wa kitanda cha pili, wa Chunya, alikuwa na doa la kiganja kizima na chooni anakwenda mwenyewe.

Daktari akageuza bahasha ya picha, akachora. Nyaya zinazopeleka amri mkononi na mguuni, akasema, zinashuka kutoka juu ya ubongo na kubanana kwenye njia nyembamba huko ndani. Doa la baba liko papo hapo. "Lori moja likilala na kuziba barabara mlima Kitonga, Mbeya mtapata mzigo?" Nikanyamaza.

Kisha akaiacha picha, akamgeukia mgonjwa. "Mzee, inua mkono pembeni." Ukapanda mpaka usawa wa bega, lakini alipouwekea kidole tu ukashuka. Akaulaza ubavu juu ya shuka. "Nyoosha vidole." Mimi bado nilikuwa nimeinua filamu dirishani. Mama, aliyekuwa amefika jana yake, ndiye aliyeshtuka: "Vinafunguka!" Polepole, kama jani la mgomba linapojikunjua, lakini vilifunguka.

Nguvu hupimwa kwa alama, 0 haichezi kabisa, 5 ni nguvu kamili. Bega akalipa 3 kati ya 5, vidole 2. Jumla 5, ya kukwaruza. Kumbe watafiti wa Auckland, New Zealand, ndio walioweka hesabu hiyo ya siku 3 za mwanzo: ukiwa na 5 au zaidi kati ya 10 na hujafika miaka 80, mkono una matumaini makubwa. Mpango wao wa kubashiri wa 2012 ulitaka na MRI, picha ya ubongo yenye undani kuliko CT, kwa baadhi ya wagonjwa. Ule wa 2017 ukaona inaweza kuachwa. Chini ya 5 ndipo wanapopima kwa sumaku kama amri ya ubongo bado inafika mkononi.

Hapo ndipo nilipookoa ng'ombe. Nilishapata mnunuzi, nia yangu nimpeleke mzee Dar es Salaam akapigwe MRI. Nikamuuliza daktari: ikionyesha doa vizuri zaidi, matibabu yatabadilika? Kwa baba, hapana. Ng'ombe nikamuuza baadaye, ila fedha ikaenda kwenye dawa za presha, nauli ya fizio, yaani mazoezi ya tiba, mara 2 kwa wiki, na godoro gumu. Miezi 3 ya mwanzo ndiyo mkono unarudi kwa kasi. Sikutaka imkute amelala anasubiri picha.

Nyumbani alichambua maharage, akakunja na kukunjua kanga za mama, akabana vibanio vya nguo. Alinuna sana. Kila Jumapili nilimrekodi kwa simu, maana siku hadi siku huoni tofauti.

Wiki ya 11 aliomba kisu amenye ndizi. Alichukua karibu saa nzima kwa ndizi sita, na mama analalamika kwamba nyama nyingi imekwenda na maganda.