Lesi imekwisha, nyuzi bado

Juzi usiku nimemaliza lesi ya kuzungushia leso, pembe zote nne, nikafika pale mwisho unapokutana na mwanzo, nikaachia bobini, nikanyoosha mgongo, nikajisemea haya, nimemaliza. Nimemaliza nini sasa, mbele yangu kuna bobini 36 zimelala zinanitazama, yaani jozi 18, kila moja na uzi wake na kila uzi unataka kujua unaenda wapi. Ukisikia mtu kala ng'ombe mzima kashindwa mkiani, basi kwenye lesi ya bobini mkia wenyewe ndo huu.

Kwa ambao hamjawahi kuiona inavyofanywa, hii siyo kroshia. Unakuwa na mto mgumu, juu yake kadi yenye matundu ya pateni, nyuzi zimeviringishwa kwenye vijiti vidogo ndo bobini zenyewe, zinaenda jozi jozi, na kazi yote ukiichambua ni miondoko miwili tu, kupishanisha na kusokota, afu unachomeka pini kwenye tundu ishikilie mpaka nyuzi zizoee kukaa mahali pake. Ndo hivyo hivyo tangu karne ya 16. Shida ni kwamba kwenye kroshia ukimaliza unapitisha uzi mmoja kwenye kitanzi cha mwisho unakaza, kwisha habari, huku unazo nyuzi 36 na hamna chochote kinachozishika zaidi ya pini, ukichomoa pini bila kuzifunga zinaanza kufumuka taratibu huku unaangalia.

Lesi yangu ya kwanza niliharibu hapa hapa. Nilifunga mafundo vizuri tu, au nilidhani ni vizuri, afu kwa ile furaha ya kumaliza nikachukua mkasi nikakata nyuzi zote karibu kabisa na fundo, safi, hakuna hata unywele unaoonekana. Nikaipiga picha. Nikaifua. Asubuhi naamka pale kwenye kiungo pamefunguka mdomo, mafundo matano yameachia na nyuzi fupi kiasi kwamba hata kucha haizishiki, sembuse sindano. Dada aliyekuwa ananifundisha akaigeuza geuza, hakunicheka, akasema tu "mdogo wangu, mkasi wako una haraka kuliko mwenyewe". Afu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: ulianzia wapi?

Mi nilidhani anauliza nilijifunzia wapi, kumbe anauliza kwenye pateni. Nikamwonyesha, nilianzia katikati ya wavu, mstari mnyoofu, kwa sababu ndo ilionekana rahisi kutundikia. Akasema basi ndo hapo. Kwenye wavu hamna pa kufichia kitu, ni matundu matupu, uzi wowote wa ziada unaonekana kama nywele kwenye sabuni. Ukitaka mwisho ukae vizuri unauamua siku ile ile unatundika jozi za kwanza, na tangu siku hiyo kabla sijachomeka hata pini moja naangalia pateni nzima natafuta sehemu iliyofumwa ikabana kama kitambaa, iwe almasi, iwe kipepeo cha pembeni (umbo la upepeo wa mkono, siyo mdudu), naanzia hapo, au angalau napitisha mstari wa mwanzo ukiegemea kwenye sehemu kama hizo. Na kwenye Torchon, aina moja ya lesi ya bobini, mstari wenyewe naulaza kwa nyuzi 45 (hizi nyuzi za pembe, siyo za kushonea, Kiswahili nacho kinatutania) kwa sababu pateni yenyewe inaenda mshazari, kiungo kikifuata mshazari jicho linapita halioni kitu, kikikata moja kwa moja linakwama hapo hapo.

La pili la mwanzoni ni kitanzi. Kila jozi ni uzi mmoja uliokunjwa, na pale ulipokunjwa unapoukalisha kwenye pini kinabaki kitanzi kidogo. Hicho ndo mlango wa kurudia. Ukianza kwa kufunga fundo, au ukivuta kama unafunga mzigo, mlango umeupiga kufuli mwenyewe na utakuja kuutafuta wiki tatu baadaye.

Sasa kuunganisha kwenyewe. Unachomoa pini ya mwanzo, moja tu jamani, msichomoe zote kwa pamoja, unaingiza kulabu nyembamba kabisa kwenye kile kitanzi, yangu mi ni ya milimita 0.5, unanasa uzi wa bobini moja ya ile jozi inayotakiwa kuishia hapo, unauvuta utokeze kama sikio, sikio liwe kubwa kiasi cha kupitisha bobini. Afu ile bobini ya pili ya jozi hiyo hiyo unaipitisha ndani ya sikio ikitangulia mkia, siyo kichwa, maana kichwani ndo kuna uzi na utajifunga mwenyewe. Unashika zote mbili unavuta kidogo kidogo, huku na huku, mpaka sikio lizame. Ukisikia inakwama usilazimishe, kuna uzi wa jirani umeunasa, rudi nyuma. Unarudisha pini, unafunga fundo, unahamia jozi inayofuata. Mara 18. Ndo maana nasema ni kazi ya usiku wake peke yake, usiianze umechoka, ukikosea jozi moja ukaiingiza kwenye tundu la jirani pateni yote inapinda na utakuja kuligundua ukishafunga ya kumi na nne.

Fundo ni lile la kawaida la kushoto juu ya kulia halafu kulia juu ya kushoto. Ukirudia upande ule ule mara mbili linakaa kama fundo lakini ni tapeli, likiguswa na maji linateleza, na nina uhakika yale yangu matano yalikuwa ya hivyo. Kitani na pamba zinashika vizuri, ila hariri ina utelezi wake, hiyo naongeza nusu fundo la tatu. Kitani kikiwa kikavu sana nalowesha vidole kidogo, kinakuwa mtiifu. Na usikaze kwa hasira, fundo likae juu ya tundu, lisilivute, ukivuta unapata kamkunjo ambako hata pasi hakakubali.

Kuna ile jozi moja ambayo kulabu haiingii, mara nyingi ni ya pembeni ambako pamebana. Kwa hiyo kuna ujanja wa uzi wa msaada: siku ya kwanza kabisa unalaza kauzi imara kaliokunjwa mara mbili kwenye lile tundu unalojua litakusumbua, ncha zake ukizibana na pini pembeni, unafuma kawaida. Ukifika mwisho unapitisha uzi wako kwenye kale kakitanzi ka msaada, unavuta ncha, kanatoka kamebeba uzi wako. Raha tupu. Ila uwe wa rangi tofauti! Mi niliwahi kuweka mweupe kwenye lesi nyeupe, nikajikuta nachagua uzi wa kuvuta kama mtu anayetegua bomu.

Haya, mafundo yote yamefungwa, unakata bobini lakini unaacha mkia mrefu, kama sentimita 10, ili sindano ipate cha kushika. Hapa kila fundi ana dini yake. Mi naamini sindano. Natumia ile butu ya kudarizia, isiyotoboa uzi, nauchukua kila mkia naupitisha juu chini juu chini kando ya uzi uliopo tayari kwenye sehemu iliyobana, kama sentimita moja hivi, basi. Ila nyuzi 36 huwezi kuzipeleka zote njia moja, patavimba kama mshipa, kwa hiyo nazigawa, hizi zinapanda kwenye almasi, hizi zinaenda kwenye kipepeo, na zile za upande ulionyooka unaoshonwa kwenye leso hata sizihangaikii, nazilaza pembeni zitamezwa na pindo nikiishona kitambaani.

Wengine wanafuma mbele zaidi, wanarudia kipande cha pateni, wanakilaza juu ya mwanzo vikalingana tundu kwa tundu, wanashona tabaka zote mbili kwa uzi mwembamba wakifuata mistari, ndo wanakata ziada. Zamani ilifanyika sana, ina nguvu, ila mi naona panakuwa pazito kwenye lesi nyembamba.

Kwenye lesi za vipande, zile za Honiton kule Uingereza kwa mfano ambazo unafuma ua moja, jani moja, kila kimoja kinaisha peke yake, mambo ni tofauti, kule jani linavyozidi kuchongoka unapunguza nyuzi njiani. Unatoa mbili kutoka katikati, zisiwe zinazofuatana, unazilaza nyuma, unaendelea kufuma mistari kadhaa zikamatwe ndo unakuja kuzikata, hivyo unafika nchani ukiwa na chache tu, unazikusanya fungu moja, nyuzi mbili za nje zinafungwa juu ya fungu, kwisha. Na lesi hiyo inafumwa kisogo juu, uso wake umelala kwenye mto, kwa hiyo mafundo yote unayaona wewe, mvaaji hayaoni. Nilipojua hilo nilijiona mjinga, nilikuwa nahangaika kuficha mafundo upande ambao tayari ni wa siri.

Gundi? Najua watu wanaweka tone kwenye fundo na maisha yanaendelea. Mi sipendi. Inakuwa ngumu, inakwaruza, na baada ya muda inaweza kugeuka njano, na kwenye lesi nyeupe utaiona tu. Ukishashindwa na hariri kabisa sawa, sitakuja kukupigia kelele.

Kinachonipa moyo ni Chantilly, ile lesi nyeusi ya hariri. Zile shali kubwa hazikufumwa mara moja, ni vipande vyembamba vilivyoungwa na sindano, mshono unaiga wavu wenyewe hadi unatafuta kiungo hukioni. Kwa hiyo mtu asikwambie kiungo ni aibu.

Ya juzi sasa. Jana nimeunga jozi zote 18, moja nimeirudia mara tatu, nimepitisha mikia kwa sindano, nikaacha vincha vya kama sentimita moja vikichomoza nje, nikaifua na maji ya uvuguvugu na nikaitandaza na pini ikauke, maana uzi ukilowa unajivuta na kujipanga upya, ukikata kabla ncha inaweza kuzama ndani na fundo likabaki halina cha kushikilia. Sa hivi iko pale mezani, imetoa vindevu pande zote kama paka aliyeogeshwa kwa nguvu, mbaya kweli. Kesho ikikauka kabisa nitaikunja juu ya kidole, nikate kimoja kimoja, nibakize kama milimita mbili.

Mkasi nimeuweka chumba kingine.