Kisanduku cha bei

Ukitaka kuuza mchoro mtandaoni, lazima kwanza ujaze fomu. Jina la kazi, mwaka, upana, urefu, rangi ulizotumia, uzito ikishafungwa. Hayo yote nayajaza huku nakunywa chai. Nikifika kwenye kisanduku cha bei nakwama, na chai inapoa.

Sikuzoea kupanga bei peke yangu. Nimekulia kwenye kuuza kwa mdomo hapa Dar: Slipway mwisho wa wiki, Mwenge kwa wachonga vinyago, na kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space kule Mikocheni nikibahatika kupata meza. Kule bei unayoanza nayo ni kama hodi tu. Mteja anakuambia punguza, unamuuliza yeye ana ngapi, anataja kitu cha kukuudhi, mnacheka, anajifanya anaondoka, unamwita. Mpaka mmalizane umeshajua anaupendea nini ule mchoro, na kama una ukuta unaousubiri au anatafuta tu zawadi ya kukimbia nayo uwanja wa ndege. Bei ya mwisho mnaipata wawili. Zamani tulikuwa tunataja hata kwa dola, lakini tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kuwekwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo pale mezani ni shilingi, na usiku nikifungua kompyuta ni dola. Kichwa kinachoka kuhama.

Nimekuwa nikimuwaza mchoraji marehemu Edward Saidi Tingatinga. Alipoanza kuchora miaka ya mwisho ya 1960, alitumia hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, na kazi zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, wateja wakiwa wageni waliokuja kununua mahitaji ya nyumbani. Vile vibao vya mraba, futi mbili kwa mbili, vina hesabu yake: bodi ya futi nane kwa nne inatoa vipande vinane bila kubakiza makombo. Alifariki 1972, na wachoraji waliomfuata bado wanauza Oysterbay hiyohiyo. Wateja wake walikuwa wa mbali kama wangu. Ila wake walisimama mbele ya kazi, na uso wa mtu unasema kabla hajafungua mdomo. Wangu mimi ni namba kwenye kioo: watu kadhaa wameangalia, basi. Waliangalia wakafikiria nini, Mungu ndiye ajuaye.

Soko la kwanza nililojaribu nilijaza kila kitu, nikafika pa kuchagua nchi ya akaunti ya benki, Tanzania haimo kwenye orodha. Nikafunga. Baadaye nikaingia Saatchi Art, la Marekani, ambalo hukata asilimia 40 ya bei. Wenzangu wakisikia arobaini wanashika kichwa. Mimi hainiumi kiasi hicho. Kuna duka nililowahi kuachia kazi hapahapa mjini, lilichukua nusu, na mchoro wangu wakauegemeza nyuma ya mlango wa stoo.

Bei nayo nikaipangia kanuni ambayo wachoraji wengi wanaitumia: upana mara urefu kwa inchi, halafu unazidisha kwa kiwango chako. Nilianza na dola moja kwa kila inchi ya mraba. Mchoro wa mama anayekaanga chapati ni inchi 24 kwa 20, ikaja dola 480. Toa 192 za soko, inabaki 288, na hapo pesa bado haijaanza safari ya kuja benki, yenye makato yake njiani. Kanuni hiyo ina faida moja kubwa, haioni aibu. Mimi ningejipunguzia kabla hata mtu hajauliza.

Kupiga picha nako ni kazi ya mtu mzima. Jua la Dar la saa sita linaifanya rangi ya akriliki ing'ae kama imemwagiwa mafuta, huoni kitu. Natoa mchoro barazani asubuhi mapema, kabla jua halijavuka ukuta wa jirani, nauegemeza sawasawa, halafu naongeza picha ya kona moja kwa karibu ili mtu aone mkono ulivyopita. Kufunga ndiyo napapenda zaidi. Nang'oa kitambaa kwenye fremu, nakiviringisha upande wenye rangi ukiwa nje (ukiuweka ndani, rangi inajikunja na siku ya kukunjua inapasuka), nakizungushia karatasi laini na nailoni kwa ajili ya unyevu, kisha nakiingiza kwenye bomba la plastiki la inchi nne nililokatiwa duka la vifaa vya ujenzi. Fundi wa pale aliniuliza choo kiko wapi.

Soko lina pia kitufe cha mteja kutoa ofa. Nilipokiona nilifurahi, nikasema kumbe na Wazungu wanapatana. Ofa ikaja usiku: 350. Hakuna habari yako, hakuna nimeipenda. Nikarudisha 450. Kimya. Ndivyo ilivyoishia, na mpaka leo sijui kama nilimkera au alipitiwa na usingizi.

Aliyenunua ni mwingine, tena kwa bei kamili. Kabla hajalipa aliuliza swali moja: yule mwanamke ni mtu wa kweli? Nikamjibu ni wa kweli, anauza kituoni kwetu Mwananyamala, na niliomba ruhusa. Aliniruhusu kwa sharti moja, nisimchore na ile kanga yake iliyochakaa.

Jioni nikampelekea habari pamoja na bahasha yake.

"Shikamoo mama. Ule mchoro umeuzwa."

"Marahaba mwanangu. Kwa ngapi?"

Nikamwambia kwa dola, kisha kwa shilingi. Akaacha kugeuza chapati.

"Na bei hiyo nani alipanga?"

"Mimi."

"Peke yako? Hakutokea mtu wa kukuambia punguza?"

"Alitokea mmoja, tukashindwana."

Akahesabu bahasha, akaitia kibindoni, akaniuliza nina kazi gani nyingine. Nikamwonyesha kwenye simu ule wa kivuko cha Kigamboni, ambao kisanduku chake cha bei bado kitupu. Akautazama sana, akasema niweke dola mia sita. Nikamweleza kanuni inakataa, huu ni mdogo kuliko wake.

"Mdogo?" akasema. "Na bahari yote hiyo?"