Nilivyoaibishwa na Nazi Melaka

Kwanza tumalize kicheko. Ndiyo, wanaitwa Nyonya. Siku ya kwanza nilipoona kibao chenye neno hilo juu ya mlango wa duka nilikipiga picha nikamtumia dada yangu, naye akanijibu kwa vicheko vitupu. Kule Melaka, Malaysia, Nyonya ni mwanamke wa jamii ya Peranakan, kizazi cha wafanyabiashara wa Kichina waliolowea huko zamani wakaoa wenyeji. Mwanamume wao ni Baba, na mama mtu mzima huitwa Bibik. Mtu wa pwani ukisikia Baba na Bibik ndani ya nyumba moja unaona kama umefika kwenu.

Nilikuwa huko miezi mitatu kwa mafunzo ya kazi, nimepanga chumba kwa Bibik mmoja karibu na Jonker Street, kwenye nyumba zile nyembamba kwa mbele lakini ukiingia hazina mwisho. Jumamosi asubuhi alikuwa akitengeneza kuih, ndivyo wanavyoziita keki zao ndogo. Ya kwanza kunipa ilikuwa ondeh-ondeh: kidude cha kijani, ukubwa wa gololi kubwa, kimegaragazwa kwenye nazi. Mimi nikakikata nusu kwa meno kama kaimati. Lo! Sukari iliyoyeyuka ndani ilichuruzika hadi kwenye shati langu jeupe. Bibik akacheka mpaka akashika meza. Ondeh-ondeh huingia mdomoni nzima, unafumba midomo, ndipo unauma.

Ile sukari ndiyo iliyonishika. Inaitwa gula melaka, na inatokana na utomvu wa kole la mnazi. Babu yangu alikuwa mgema Kaloleni, kwa hiyo nilijua ladha ile kabla sijaambiwa. Tembo letu likiachwa kibuyuni halifiki jioni kabla halijachachuka, na wanaolichemsha likiwa bado tamu ili wapate asali ni wachache. Wao hulichemsha mpaka linakuwa zito, wanalimimina kwenye vipande vya mianzi, linaganda na kutoka kama magogo madogo ya kahawia.

Basi nikajitapa. Nikamwambia Bibik, nazi niachie mimi, nimezaliwa chini ya minazi. Akanipa kazi ya kupika inti, yaani nazi inayojazwa ndani ya kuih dadar, chapati nyembamba za kijani zinazokunjwa kama mkeka. Pembeni alikuwa na kiti cha zamani cha kukunia, ni mbuzi yule yule wa kwetu, meno na yote. Nikakalia, nikakuna nazi mbili. Halafu nikafanya ambalo mama yangu angefanya: nikakamua tui nikaliweka kando, kwani tui halitupwi, na machicha ndiyo nikayapika na sukari.

Bibik aliuma kipande kimoja. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. "Santannya mana?" Tui lake liko wapi?

Nikamwonyesha bakuli. Hakusema neno, akalisukuma tu upande wangu. Zile dadar zilikuwa kama nimejaza unga wa mbao.

Jumamosi iliyofuata alinisimamia. Nazi haikamuliwi. Inakunwa nyama nyeupe tu, ukikaribia ile ngozi ya kahawia unaacha, na mimi nilizoea kukwangua hadi kifuu kilie. Gula melaka inayeyushwa na maji kidogo na jani la pandan lililofungwa fundo, kisha inachujwa kwa sababu ina takataka. Hapo ndipo nazi inaingia na chumvi kidogo, moto mdogo, unakoroga mpaka maji yakauke lakini nazi ibaki na unyevu wake. Pandan ni jamaa ya mkadi wetu, ila mkadi hunukia ua, huyu hunukia jani.

Inti ikakubali. Ondeh-ondeh ndiyo ilinitoa jasho. Unga ni wa mchele wa kunata, unakandwa kwa maji ya pandan mpaka uwe laini kiasi ambacho Bibik alinionyesha kwa kujibana ndewe ya sikio. Unaweka chembe za sukari katikati, unafunga, unaviringisha, unatia kwenye maji yanayochemka. Sufuria yangu ya kwanza iligeuka chai ya rangi, sukari yote imetorokea majini. Nilikuwa nafunga juu juu. Nilipojifunza kubana ule mshono na kuviringisha kwa kiganja kilicholowa kidogo, vidude vilizama, vikaelea, nikavisubiri dakika moja zaidi ili sukari iyeyuke, nikavitupa kwenye nazi iliyopitishwa mvukeni na chumvi. Ule mvuke ndio unaozuia nazi isichache upesi kwenye joto lile, ingawa hata hivyo ni chakula cha siku hiyo hiyo.

Nilipata ishirini na mbili nzima na tatu zilizopasuka. Zilizopasuka nilikula mimi. Bibik alionja moja, midomo imefumba, akachukua sita, akazipanga juu ya jani la mgomba akatoka. Nikamsikia kwa jirani akiulizwa nani kapika. "Saya," akajibu. Mimi.