Usiku wa Marcellus

Virgil, mshairi wa Roma ya kale, hakutunga ili watu wamsome kimyakimya. Hilo nilikuwa nimeambiwa mara nyingi, lakini nilikuja kuliamini usiku nilipopangiwa kusoma kwa sauti mistari ya mwishomwisho ya Kitabu cha Sita cha Aeneis, shairi lake refu la shujaa Enea, mbele ya wenzangu wa darasa la mtandaoni, Shangazi yangu akiwa ameketi pembeni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, Tanga. Kilatini nilikifuata kwa ajili ya Waafrika. Niliwahi kusoma kwamba Terentius, aliyeandika tamthilia za kuchekesha zilizoigizwa Roma katika karne ya 2 KK, husimuliwa kuwa alizaliwa Carthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, akapelekwa Roma akiwa mtumwa. Kwamba mwandishi Apuleius alitoka Madauros na Augustino alitoka Thagaste, miji ambayo leo iko Algeria. Augustino anaeleza kwamba utotoni alimlilia Dido, malkia wa Carthago aliyejiua kwa ajili ya Enea. Mwafrika aliyesoma shairi la Kirumi akalia! Nikataka kulisoma shairi lenyewe, si muhtasari wake.

Tulikutana Jumamosi, saa tatu usiku kwa saa za kwetu. Mwalimu alikuwa mzee mstaafu wa Uingereza aliyefundisha bure kwa mapenzi yake. Alikuwapo frateri mmoja kutoka Brazil, na muuguzi wa Poland ambaye mara nyingine aliingia darasani akiwa bado na sare za kazini. Kamusi ya karatasi sikuwa nayo. Nilitumia maktaba ya Perseus inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani: unafungua shairi, unabonyeza neno lolote, unaletewa mzizi wake na sarufi yake, pamoja na maelezo ya kamusi kubwa ya Lewis na Short ya mwaka 1879. Maktaba ya Vatican nayo imeweka mtandaoni picha za nakala ya Virgil iliyoandikwa kwa mkono yapata mwaka 400 BK, yenye michoro ya rangi. Niliikuza kwenye skrini nikaitazama usiku kucha. Ni herufi kubwa tupu, maneno yamebanana bila nafasi kati yake. Msomaji wa ukurasa ule analazimika kutamka ndipo ajue neno hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi. Pale nilianza kumwelewa Mwalimu aliposema kila mara, "Someni kwa sauti."

Katika sehemu niliyopewa, Enea ameshuka kuzimu akiongozwa na Sibylla, nabii wa kike wa Cumae. Huko baba yake, Anchises, anamwonyesha roho za Warumi ambao hawajazaliwa bado, zinapita mbele yao moja baada ya nyingine: Romulus, Camillus, Caesar, Augustus mwenyewe, mtawala wa Roma siku za Virgil. Mwalimu alitueleza kwamba Mrumi yeyote angeutambua msafara huo. Alipokufa mtu wa ukoo mkubwa, watu walivaa vinyago vya nta vya mababu waliotangulia, wakavaa na mavazi ya vyeo vyao, wakaandamana na maiti mpaka Forum, uwanja mkuu wa jiji, na hapo mtu wa familia akasimama kumsifu marehemu mbele ya umma. Virgil ameuchukua msafara huo wa mazishi akaugeuza: wanaopita ni watu wa kesho. Halafu mwisho kabisa anapita kijana mzuri, mwenye silaha zinazong'aa, ila uso ameuinamisha. Enea anauliza huyu ni nani. Anchises anabubujikwa na machozi.

Kijana ni Marcellus, mtoto wa Octavia, dada yake Augustus. Augustus alimpenda mpwa huyu akamwoza binti yake Julia mwaka 25 KK, na wengi waliamini ndiye atakayemrithi. Mwaka 23 KK akaugua akafa Baiae, akiwa na miaka 19 hivi. Mjomba wake alitoa hotuba ya maziko, na Marcellus akawa wa kwanza kuzikwa katika kaburi kubwa la ukoo ambalo Augustus alikuwa akilijenga kando ya mto Tiber.

Kwa mtu aliyelelewa na tenzi, kazi ngumu haikuwa maana. Ilikuwa mapigo. Sisi tunahesabu mizani, minane kwa kila kipande, vipande vinne kwa ubeti. Vitatu vya kwanza vinapatana kina, na cha nne kinabeba kina kinachorudi utenzi mzima. Virgil hana vina. Wala hahesabu silabi, anazipima: ndefu huchukua muda wa fupi mbili. Mstari una hatua sita, na karibu kila hatua ni ama ndefu moja na fupi mbili, ama ndefu mbili. Masikio yangu yalikuwa yamezoea kuwekea mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, basi kila nikisoma, Kilatini changu kilitoka na lafudhi ya Tanga na urefu wote ukapotea.

Wiki ile Shangazi alikuwa amekuja kwetu kutoka Pangani kwa matibabu ya macho. Shangazi ameghani tenzi tangu ujana wake, katika maulidi na katika vikao vya kina mama, na anakumbuka beti ambazo hata waliozitunga wamekwisha kuzisahau. Alinisikia barazani nikijaribu mstari uleule tena na tena.

"Mwanangu, wasoma nini?"

Nikamweleza. Ni shairi la Warumi wa kale, Shangazi, na hapa analiliwa mtoto wa watu aliyekufa kabla ya wakati wake.

"Basi mbona wewe walikatakata? Maiti haliliwi hivyo. Vuta pumzi huku mwanzo, ushushie kule."

Akanifanya nisome mstari mmoja mpaka nikakauka koo: *tu Marcellus eris. manibus date lilia plenis*. Wewe utakuwa Marcellus. Nipeni mayungiyungi, mikono ijae. Hakujua hata neno moja, lakini alikuwa akipiga kwa kiganja kwenye mkeka, na kiganja chake ndicho kilichonionyesha kitu ambacho alama zangu za penseli hazikunionyesha. Mstari unaanza na silabi mbili ndefu, nzito, *tu Mar-*, mtu anasita na jina mdomoni. Baada ya hapo hatua nne zinafuatana zote za ndefu moja na fupi mbili, zinakimbia, na maua yanatupwa. Uzito umo kwenye jina, mbio zimo kwenye maua. Nilikuwa nimeuchambua mstari ule kisarufi mpaka mwisho na sikuwa nimeusikia.

Usiku wa darasa Shangazi akasema atakaa nami. Nikachomoa hedifoni ili naye asikie, tukaketi bega kwa bega mbele ya kompyuta, akajitanda kanga vizuri kwa kuwa kulikuwa na wanaume kwenye skrini. Nilisoma kuanzia pale kijana anapotokea mpaka Anchises anaposema atatimiza walau wajibu huu usiofaa kitu, yaani kummwagia maua mjukuu asiyeweza tena kumsaidia. Sikukimbia. Palipotakiwa kushusha, nikashusha.

Nilipomaliza, Mwalimu alitusimulia kisa kilichomo katika maisha ya Virgil yaliyoandikwa na Donatus katika karne ya 4 BK. Augustus, akiwa vitani Hispania, alimwandikia Virgil barua za kubembeleza na za kutisha kwa utani, akimtaka ampelekee japo kipande cha shairi. Virgil alikawia sana, hatimaye akamsomea vitabu vitatu, cha Pili, cha Nne na cha Sita. Octavia alikuwapo akisikiliza. Msomaji alipofika kwenye maneno *tu Marcellus eris*, Octavia alizimia, na inasemekana ilikuwa kazi kumzindua.

Shangazi akaniuliza amesema nini. Nikamfasiria. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Na huyo aliyekuwa akisoma, hakumtazama mama wa watu?"

Mwalimu aliona tunazungumza akauliza Shangazi amesemaje. Nikaliweka swali lake mbele ya darasa, na somo lililobakia lote likawa ni swali hilo. Frateri alisema mshairi alikuwa ameamrishwa, na mbele ya mtawala hapana hiari. Muuguzi alisema ameona wafiwa wanaotaka jina la marehemu wao litajwe, na wengine wanaotoka chumbani mbio likitajwa, na kwamba kwa nje huwezi kuwatofautisha. Hapo Mwalimu akatufungulia maneno ambayo Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, alimwandikia mama mwingine aliyefiwa na mwana, Marcia. Seneca anasema Octavia hakutaka kuwa na picha ya mwanawe, hakutaka atajwe mbele yake, na mashairi yaliyotungwa kumkumbuka Marcellus aliyakataa. Seneca anamlaumu kwa hilo. Shangazi, nilipomfasiria, hakumlaumu hata kidogo. "Kila mtu na msiba wake," akasema, na akamwambia Mwalimu moja kwa moja, kwa Kiswahili, kana kwamba mzee yule ataelewa, kwamba mama asilazimishwe.

Mimi nilikuwa na langu la kusema, na bado nashikilia. Kijana anatokea kwenye mstari wa 860, na jina lake halitajwi mpaka wa 883. Mistari zaidi ya 20 inapita tukiambiwa habari za sura yake, za usiku uliomzunguka kichwani, za Roma itakavyoomboleza na mto Tiber utakavyolipita kaburi jipya. Virgil anafanya kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba, anayeanza kwa kuulizia hali za nyumbani, akae, apewe maji, ndipo aseme. Hakumrushia Octavia jina lile ghafla. Alimpa nafasi ya kusimama na kutoka. Kwa hiyo naamini alimtazama, tangu alipokuwa akitunga.

Mwalimu alisema hajawahi kuisikia hoja hiyo ikitolewa namna ile, akaniomba nimfasirie Shangazi ombi lake: je, angeweza kutughania chochote katika tenzi anazozijua? Shangazi hakujivunga. Alighani beti kadhaa za maombolezo, sauti ikipanda kwenye kipande cha tatu na kutua kwenye cha nne, na kompyuta ile ya mtumba ikawa inatetemeka spika. Muuguzi alikuwa wa kwanza kugundua kwamba sauti ya mwisho inarudi ileile kila ubeti. Nikawaeleza kwamba hicho ndicho kina cha bahari, na frateri akaandika. Tulipitiliza muda na hakuna aliyeaga.

Jumamosi iliyofuata tulianza Kitabu cha Saba, na Shangazi alikuwa bado yupo. Aliniuliza kama Octavia yumo tena. Nikamwambia hayumo, lakini mbele huko, katika Kitabu cha Tisa, yupo mama mwingine, wa kijana aitwaye Euryalus. Habari za kifo cha mwanawe zinamkuta akifuma. Vyombo vya kufumia vinamponyoka, anakimbilia ukutani kwenye mishale akilia kwa sauti, na wakubwa wa jeshi wanaamuru abebwe arudishwe ndani kwa sababu kilio chake kinawavunja moyo askari.

"Huyo wamemwacha aseme kwanza?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, amepewa mistari mingi, ya kwake mwenyewe.

"Huyo ndiye utakayenisomea."