Joho la Somoe

Tangu Jumanne kuna jibu moja linalonirudia kila ninapofumba macho, nami nimeona heri niliandike hapa kuliko kuendelea kumsumbua mke wangu nalo.

Mnamkumbuka Somoe, fundi cherehani niliyemtaja katika habari za sare, ambaye nilimfundisha hadi darasa la saba. Siku hizi, saa moja kasorobo asubuhi, husimama kwenye zebra iliyo mbele ya shule yetu hapa Mtwara, khanga ikining'inia mgongoni kama joho, jina lake likiwa kichwa chini, na usoni amevaa kinyago cha satini nyekundu alichokishona mwenyewe. Akinyanyua mkono, bodaboda husimama, nadhani kwa mshangao zaidi kuliko kwa sheria, na watoto huvuka. Mpwa wangu ndiye aliyemwonyesha kwenye simu habari za Peatónito wa Mexico City, anayevaa kinyago na joho kuwatetea waendao kwa miguu. Katika mji huohuo, mwaka 1987, alizuka Superbarrio, mwenye kinyago cha mwanamieleka, akawatetea wapangaji waliokuwa wakitolewa majumbani baada ya tetemeko la 1985.

Basi nilipita, nikacheka, nikasema: "Somoe, joho hilo ungempa kaka yako, lingemkaa vizuri zaidi."

"Shikamoo, mwalimu," alijibu kwanza, kwa adabu ileile ya darasani. Kisha akauliza: "Kaka yangu saa hizi yuko wapi?"

Sote tunajua yuko wapi saa hizo: amelala. Wiki hii tumemwoza Hadija na darasa la saba wamemaliza mtihani wa majaribio, lakini hata ukumbini, wali ukipakuliwa, nilikuwa nikitafuta neno ambalo ningemjibu Somoe. Usiku nilipekua intaneti nikitaka kujitetea, nikakutana na Terrifica, mwanamke wa New York aliyezunguka kwenye mabaa akiwalinda wanawake waliokuwa wamelewa pombe, na Phoenix Jones, mtu mweusi aliyelinda mitaa ya Seattle kwa vazi la nyeusi na dhahabu. Utetezi ukazidi kuniponyoka.

Kilichonimaliza ni midimu, ngoma ya vinyago ya sisi Wamakonde. Nimekulia Nanyamba nikiitazama, vinyago vingine vikiwa na nywele halisi za watu, na nimemwona mwanamume akijifunga kifua na tumbo la mjamzito vya mti, akacheza uwanja mzima, wala hakuna aliyemwambia kwamba vazi lile lingemkaa vizuri zaidi dada yake. Mimi, niliyepiga makofi pale, ndiye niliyemcheka binti kwa kuvaa khanga, ambayo ni nguo yake mwenyewe.

Jana nilikwenda dukani kwake nikamwomba radhi. Alikuwa ameshika kitambaa cha kijani; mlinzi wetu wa shule, yule mzee mwenye mguu mbovu, ameagiza kinyago naye apokee zamu ya mchana, na amesisitiza kiwe na nafasi ya miwani. Nilicheka tena, safari hii pamoja naye, na nimelala vizuri.

Ila mama hapatikani kwa simu tangu Alhamisi. Mtandao wa Nanyamba husumbua, najua, lakini siku zote hutembea hadi kwenye ule mkorosho wa mwisho shambani, ambako unashika, akanibipu.